Mei 8, shuka baharini: namna ya kuhiji kwa Mtakatifu Nikolao, Bari

Tumsifu Yesu Kristo. Kila Mei inapokaribia napigiwa simu na ndugu zetu walioko Roma, wengi wao masista na mafrateri wanaosoma, wakiuliza sikukuu ya Mtakatifu Nikolao inakwendaje na waje siku gani. Mimi naishi Bari Vecchia, mji wa kale wa Bari, kusini mwa Italia, namtunza bibi mmoja ambaye dirisha lake linatazama kichochoro cha kwenda basilika ya Mtakatifu Nikolao. Hata nisipotoka, sikukuu inanifuata chumbani. Basi leo naandika yote mara moja.

Kwanza mjue mnamwendea nani. Nikolao alikuwa askofu wa Mira, mji wa pwani ulioko Uturuki ya leo, katika karne ya 4. Mabaharia walimwita wakipatwa na dhoruba, na mpaka leo wanamwita. Mwaka 1087 mabaharia 62 wa Bari walikwenda Mira wakachukua mifupa yake, wakiwatangulia watu wa Venezia ambao nao walikuwa na mpango huohuo. Walifika nayo Mei 9. Wapo wanaosema waliiokoa, wapo wanaosema waliiba. Bibi yangu hataki kusikia lolote kati ya hayo: mtakatifu mwenyewe ndiye aliyetaka kuja, basi.

Sikukuu kubwa ya Mei ni siku tatu, tarehe 7, 8 na 9. Wengi huja jioni ya tarehe 7, wakaona gwaride, kesho yake asubuhi wakapanda treni. Naomba msifanye hivyo. Gwaride ni zuri, kuna ngoma, mavazi ya zamani na meli ya mbao inayovutwa barabarani ikiwa na picha ya mtakatifu, lakini ni igizo la yaliyotokea. Linaisha usiku sana, na mwenye watoto atawabeba mgongoni. Simameni kidogo Corso Vittorio Emanuele, meli ipite, mkalale. Siku yenyewe ni tarehe 8.

Asubuhi hiyo sanamu inatolewa basilika kwa maandamano na kupelekwa bandarini. Kunasomwa Misa ya wazi gatini, kisha sanamu inapakiwa kwenye chombo cha wavuvi. Chombo hicho hupatikana kwa kura, na mvuvi aliyeangukiwa na kura utamjua kwa uso wake tu. Sanamu hukaa baharini mchana kutwa, na watu huifuata huko kwa boti ndogo.

Hapa ndipo maswali huwa mengi. Someni bango la ratiba la mwaka huo mlangoni mwa basilika, kwa sababu gati la kupakia na saa hubadilika, na bahari ikichafuka kila kitu husogezwa. Wa kuwauliza habari za boti ni wavuvi wa gati la Molo San Nicola, palepale wanapouza pweza asubuhi. Patana bei kabla hujatia mguu chomboni, na uwe na euro ndogondogo. Vaa viatu vya raba visivyoteleza. Kilemba kifunge barabara, maana upepo wa Adriatiki hauna adabu. Anayetapika baharini asile focaccia, mkate bapa wenye mafuta, kabla ya kupanda. Ataipata akirudi, haitaisha.

Nia zako ziandike kwenye karatasi tangu nyumbani. Ukifika karibu na sanamu una dakika chache tu, boti nyingine inasubiri nyuma, na ukianza kukumbuka majina hapo utasahau nusu. Mimi ya kwanza huwa ni mdogo wangu, baharia wa meli za makontena, ambaye hukaa miezi bila kukanyaga nchi kavu. Halafu nawataja wenzake, halafu wale waliozama ambao hakuna anayewaombea. Anayetaka kujiandaa vizuri aanze novena, sala ya siku tisa, Aprili 30, imalizike siku hiyohiyo ya tarehe 8.

Sanamu yenyewe imevikwa kiaskofu, na kitabu chenye mipira mitatu ya dhahabu. Hiyo ni mahari ya wasichana watatu maskini ambao aliwasaidia kwa siri. Uso wake ni wa kahawia iliyokolea. Waafrika wengi hushtuka kidogo hapo, wakatabasamu. Na kama unaona haya kuwa mgeni, wenyeji wana msemo kwamba San Nicola anapenda wageni, wakati mwingine kuliko watu wake. Wanausema wakilalamika, lakini wanausema.

Jioni sanamu inarudi nchi kavu, kuna maandamano na fataki. Vichochoro hujaa, shika mkoba wako mbele.

Tarehe 9 ni ya kaburi. Shuka kanisa la chini, lile ambalo altare yake iliwekwa wakfu na Papa Urbano II mwaka 1089. Jioni, baada ya Misa, padre Mdominiko anayesimamia basilika hupiga magoti na kuingia kwenye tundu dogo chini ya altare, akateka manna, maji safi yanayojikusanya kaburini. Ni kidogo mno kwa mwaka mzima, kwa hiyo huchanganywa na maji mengine yaliyobarikiwa ndipo yanatiwa kwenye chupa. Usitegemee kuona mengi ukiwa nyuma, fika mapema. Funika mabega na magoti. Utawakuta Waorthodoksi wakisali kwa sauti zao; wapishe, hapo ni kwao pia, na wao wana sikukuu yao ya kuletwa kwa masalia Mei 22 kwa kalenda yao. Ukitaka kaburi bila msongamano wa Mei 9, njoo wiki moja kabla ya siku yao.

Asiyeweza Mei aje Desemba 6. Misa ya kwanza husomwa saa kumi na moja alfajiri, baridi kali, na baada yake watu hunywa chokoleti ya moto. Siku hiyo wasichana wanaotafuta mchumba huzunguka nguzo nyekundu iliyoko kanisa la chini. Masista, nyie piteni tu.

Chupa ya manna mtaipata kwenye duka la basilika. Kama mnarudi kwa ndege, iwekeni kwenye begi la kukabidhi, imezungushiwa kanga. Kwenye viwanja vingi vya ndege, kubwa kuliko mililita 100 hairuhusiwi kwenye begi la mkononi, na mkaguzi hatasikiliza habari za askofu wa Mira.