Kuchagua Katriji Mpya kwa Kicheza Santuri cha Zamani

Kwa mwenye kicheza santuri kilichotengenezwa miaka ya 1960, 1970 au 1980, hakuna badiliko dogo linaloinua sauti kama kubadilisha katriji, yaani kile kichwa kinachobeba sindano na kugeuza mtetemo wake kuwa umeme. Wanunuzi wengi huanza na bei au sifa za katriji yenyewe, ilhali swali linalopaswa kutangulia ni kama mkono uliopo kwenye kifaa hicho, yaani fimbo inayoibeba katriji juu ya santuri, uliundwa kubeba katriji ya namna hiyo. Mkono ni vigumu kuubadilisha na katriji ni rahisi, kwa hiyo katriji ndiyo inayopaswa kuufuata mkono.

Kabla ya kutoa fedha, hakikisha kwamba mkono ungali mzima. Usawazishe kwa uzito wa nyuma mpaka uelee ukiwa mlalo, kisha uupulizie pumzi kidogo: unapaswa kusogea kwa wepesi bila kukwama popote, na ukiushika taratibu karibu na egemeo lake usisikie kuchezacheza. Tazama pia nyaya nne nyembamba zinazoingia nyuma ya katriji, kwa kuwa baada ya miongo kadhaa vishikizo vyake huota kutu au hulegea, na hitilafu hiyo hudhaniwa mara nyingi kuwa ni ubovu wa katriji. Inawezekana pia kwamba katriji uliyo nayo ni nzuri na kilichochakaa ni sindano tu. Sindano ya kawaida huanza kuchoka baina ya saa 500 na 1,000 za kuchezwa, na ikipita hapo huanza kuikwangua santuri.

Baada ya hapo, angalia namna katriji inavyofungwa. Mikono mingi hutumia skrubu mbili zilizoachana kwa milimita 12.7, na hiyo ndiyo inayokupa uhuru mkubwa wa kuchagua. Baadhi ya vifaa vya miaka ya 1980 hutumia katriji za kuchomeka, ambazo vipimo vyake vilipangwa kwa pamoja: katriji ina gramu 6 na sindano hukandamiza santuri kwa gramu 1.25, kwa hiyo hesabu nitakazoeleza hapa chini hazikuhusu. Vifaa vya bei nafuu vya zamani zaidi vilikuja na katriji za kauri, ambazo hutoa umeme mwingi na hazihitaji kikuzaji maalumu, lakini mikono yake imeundwa kukandamiza santuri kwa gramu kadhaa. Maoni yangu ni kwamba kifaa cha namna hiyo kipewe sindano mpya ya aina yake na kiachwe kilivyo, kwa sababu katriji laini ya sumaku, yaani yenye kijiti cha sindano kinachonyumbuka kwa urahisi, haiwezi kufanya kazi vizuri kwenye mkono mzito wenye msuguano mwingi.

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo lenyewe. Kijiti kinachobeba sindano kimeshikwa na kipande cha mpira, na mpira huo ukiungana na uzito wa mkono hutengeneza mfumo wenye mtikisiko wake wa asili. Santuri iliyopinda huutikisa mkono mara chache kwa sekunde, aghalabu chini ya hezi 6 (hezi ni idadi ya mitikisiko kwa sekunde), nao muziki huanza karibu na hezi 20, hivyo mtikisiko wa asili unatakiwa uangukie katikati, kati ya hezi 8 na 12. Ukishuka mno, mkono huyumba kwa kila mkunjo wa santuri na koni za spika huonekana zikisukumwa mbele na nyuma. Ukipanda mno, besi huvimba na kupoteza umbo lake.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua uzito tendaji wa mkono, yaani ule ambao sindano huuhisi inapousogeza, na ambao hupatikana katika kijitabu cha kifaa. Jumlisha uzito wa katriji na skrubu zake. Zidisha kwa unyumbufu wa katriji, yaani namba inayoonyesha jinsi kijiti chake kinavyonyumbuka kwa urahisi. Tafuta kipeuo cha pili cha jibu, kisha gawanya 159 kwa kipeuo hicho. Mfano mzuri ni mkono wa Thorens TP16, ambao toleo lake la awali lina uzito tendaji wa gramu 16.5 na toleo la baadaye lina gramu 7.5. Tuseme unataka katriji ya Ortofon 2M Red, yenye gramu 7.2 na unyumbufu wa 20. Ukiongeza nusu gramu ya skrubu, mkono wa awali unakupa hezi 7.2, chini kidogo ya inavyofaa, na ule wa baadaye unakupa hezi 9.1, ambayo ni nzuri kabisa.

Ichukue sasa katriji ya Denon DL-103, iliyobuniwa mwaka 1962 kwa ushirikiano na shirika la utangazaji la Japani, NHK. Ina gramu 8.5 na kijiti chake ni kigumu. Unyumbufu unaotajwa na mtengenezaji ni 5, ila umepimwa kwa hezi 100, kama ilivyo desturi ya Kijapani, na kwa hesabu yetu unapaswa kuzidishwa kwa 1.5 hadi 2. Tukitumia 9, mkono mzito unatoa hezi 10.5 na ule mwepesi unatoa 13. Kwa hiyo mkono mzito unaelewana na katriji ngumu, na mkono mwepesi unaelewana na katriji laini, hata kama mikono yote miwili ina jina moja.

Umbo la ncha ya sindano ndilo ninaloliona kuwa na thamani kubwa zaidi kwa fedha inayotumika. Ncha ya mviringo huvumilia mpangilio usio kamili, lakini haiingii vizuri katika mawimbi madogo ya mfereji wa santuri ambamo sindano hupita, hasa karibu na lebo ambako mfereji husongamana. Ncha ya duaradufu husoma zaidi, na ncha nyembamba za aina ya Shibata husoma zaidi ya hapo, kwa sharti kwamba zimepangwa kwa usahihi mkubwa. Katika katriji za Audio-Technica VM95 mwili ni mmoja na sindano hubadilishwa, nayo sindano ya Ortofon 2M Blue huingia katika mwili wa 2M Red, hivyo mtu anaweza kuanza na sindano ya kawaida na kupanda baadaye. Kwa santuri za kasi ya 78 unahitaji sindano ya peke yake, kwa sababu mfereji wake ni mpana zaidi.

Upande wa umeme, katriji ya sumaku inayotembea, ambayo sindano yake hutikisa sumaku ndogo, hutoa milivolti 3 hadi 6 na hutosheka na tundu la fono la kawaida, yaani tundu la amplifaya la kuingizia kicheza santuri, lenye ukinzani wa kiloomu 47. Ya koili inayotembea, ambayo sindano yake hutikisa koili za waya, mara nyingi hutoa chini ya milivolti 0.5, kama DL-103 yenye 0.3, na huhitaji kikuzaji chenye nguvu zaidi au transfoma. Kwa zile za sumaku, jumlisha kapasitansi, yaani uwezo wa kuhifadhi chaji ya umeme, ya nyaya na ya amplifaya: katriji ya zamani ya Shure V15 Type III ilitaka pikofaradi 400 hadi 500, wakati VM95 inataka 100 hadi 200. Ukiweka katriji ya leo kwenye waya za zamani zenye kapasitansi kubwa, sauti za juu huwa kali, na mwenye kifaa huilaumu katriji bure.

Unapoifunga, tumia kigezo cha karatasi kupanga pembe, pima uzito ambao sindano huukandamiza kwenye santuri kwa mizani ndogo ya sindano, na uuweke katika nusu ya juu ya kiwango kilichopendekezwa, maana sindano nyepesi mno hurukaruka ndani ya mfereji na kuuharibu zaidi ya ile nzito kidogo. Kisha sikiliza wimbo wa mwisho wa upande wa santuri wenye sauti ya mwimbaji. Herufi ya "s" ikikwaruza hapo na kuwa safi mwanzoni mwa upande huo huo, rudia kupanga pembe kabla ya kuamua kwamba sindano ndiyo mbovu.