Damu ya kitovu: amueni kabla ya siku ya kujifungua
Damu inayobaki kwenye kitovu na kondo la nyuma mtoto akizaliwa ina seli zinazotengeneza damu; mnaweza kuihifadhi kwa ajili ya familia au kuwachangia wagonjwa wengine. Anzeni hapa: je, mtoto ana kaka au dada mwenye selimundu au thalasemia (magonjwa ya damu ya kurithi), au saratani ya damu? Kama yupo, zungumzeni na daktari wa huyo mgonjwa mapema, maana hapo kuhifadhi kuna faida ya kweli. Kama hayupo, kuchangia benki ya umma kunatosha, na hakuna ada. Benki binafsi, zinazomhifadhia mtoto damu yake, hutoza kila mwaka, ilhali mtoto akiugua ugonjwa wa kurithi, damu yake mwenyewe haimfai: ina kasoro ileile ya jeni. Msikubali kitovu kibanwe haraka ili mfuko wa kukusanyia damu ujae. Subirini angalau dakika 1. Damu hiyo ni ya mtoto kwanza. Itakayobaki ikiwa kidogo mno, seli hazitamtosha mgonjwa mtu mzima atakayepandikizwa.