Punda Anayesimama Anapima: Kumfunza Kazi Bila Kiboko

Barabara za Njoro, Molo na Naivasha, nchini Kenya, hazikosi punda aliyegoma katikati ya njia, mkokoteni umejaa mitungi ya maji au magunia ya viazi, na kijana nyuma yake anamcharaza. Wapita njia husema punda ni mkaidi. Naomba wafugaji waiache imani hiyo, kwa sababu inaumiza mnyama, inaumiza anayemwendesha, na haisogezi mzigo.

Farasi na punda ni wa ukoo mmoja, ila hofu yao si moja. Farasi ni mnyama wa nyika zilizo wazi. Akishtuka, hukimbia kwanza. Punda asili yake ni kaskazini mashariki mwa Afrika, nchi kame ya mawe na vilima, ambako kutimua mbio ovyo ni kujitafutia kuvunjika mguu. Kwa hiyo akishtuka, mara nyingi hukauka palepale, masikio yakielekea kwenye kitu kinachomtia shaka. Anapima. Ukimchapa wakati huo, unamhakikishia kwamba alikuwa na sababu ya kuogopa lile daraja au lile dimbwi, na kesho atagoma kabla hata hajalifikia.

Legeza kamba, simama kando ya bega lake, mwache atazame na anuse. Wengi huendelea baada ya muda mfupi. Akitangulia punda mwenzake aliyeizoea njia, huvuka upesi zaidi.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo ningependa kila mwenye punda alishike: mnyama huyu hujifunza kutokana na kile alichokuwa akifanya wakati usumbufu ulipokoma. Tuseme unamfunza kufuata kamba. Ivute kidogo, kisha ushikilie hapo bila kuongeza nguvu. Usishindane naye kuvuta, kwa maana ana uzito kukuzidi na atakushinda. Subiri. Akiegemea mbele tu, au akiinua kwato moja, legeza kamba papo hapo. Si baada ya hatua tano, wala baada ya wewe kumaliza kuongea na jirani. Ukichelewa hata sekunde chache, hatajua ni kipi kilichomletea nafuu. Mkwaruze mwishoni mwa shingo, pale manyoya ya shingo yanapoishia mgongoni, kisha rudia. Dakika 10 hadi 15 kwa siku zinamtosha punda mchanga, na ni vyema kumaliza akiwa amefanya vizuri kuliko kumkamua mpaka achoke.

Kanuni hiyohiyo hufanya kazi kinyume chake, na hapo ndipo punda wengi huharibika bila mwenyewe kutambua. Unagusa mguu wa nyuma ili usafishe kwato, punda anarusha teke, nawe unaondoa mkono. Umemfunza nini? Kwamba teke linaondoa mkono. Tunasema asante ya punda ni mateke, ilhali mara nyingi teke hilo tumelifundisha sisi wenyewe. Anza kwa kumgusa begani, mahali anapokubali, na uondoe mkono akiwa ametulia. Shuka taratibu siku baada ya siku hadi ufike kwenye kwato. Simama karibu na ubavu wake ukitazama nyuma, usisimame kamwe nyuma ya mkia. Macho yake yako kando ya kichwa na yanaona karibu pande zote, lakini haoni kilicho nyuma yake kabisa wala kilicho mbele ya paji la uso karibu sana. Mkaribie kutoka ubavuni huku ukimsemesha.

Wapo wanaomfunga punda mchanga kwenye mti na kumpiga mpaka anyamaze, kisha wakasema amefugika. Huyo hajajifunza kitu. Amekata tamaa tu, na hofu yake iko palepale ikingoja siku lori litakapopiga honi karibu naye akiwa amebeba mzigo.

Mkokoteni usimfungie ghafla. Mzoeshe kwanza mikanda mwilini, halafu avute gogo dogo au tairi kuukuu kwenye uwanja ulio wazi, mtu mmoja akiwa mbele na kamba. Asikie mlio wa mkokoteni tupu ukisukumwa mbali naye kabla ya kuusikia nyuma yake. Kazi nyepesi ianze akiwa na miaka mitatu, nzito kuanzia minne. Wala usimvalishe nira ya ng'ombe. Ng'ombe husukuma kwa shingo na mabega. Punda nguvu yake iko kifuani, na anahitaji mkanda mpana wa kifua usiochubua.

Kabla ya kumwita punda mgomvi, mkague. Punda huficha maumivu kuliko farasi, hivyo kidonda chini ya mkanda, kwato iliyooza au jino bovu laweza kuwa ndiyo sababu yote ya ubishi wake. Mwite daktari wa mifugo. Pia usimtenge na rafiki yake kwa ghafla, maana punda hushikamana wawili wawili, na akitenganishwa anaweza kuacha kula hadi akaugua vibaya.

Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inakataza kumpiga mnyama kikatili na kumtwika kupita kiasi. Ninaitaja pia kwa sababu punda wamepungua. Sensa ya 2009 ilihesabu takriban milioni 1.8 nchini, ile ya 2019 ilikuta karibu milioni 1.2, baada ya biashara ya ngozi za punda kuingia na machinjio ya punda kufunguliwa, mojawapo ikiwa Naivasha. Punda mzuri wa kazi hapatikani tena kirahisi, na ukimharibu wako, huenda ukakaa muda mrefu bila mwingine.

Ukishamfunza, waonyeshe wote wanaomshika: watoto wanaompeleka mtoni na kijana unayemkodishia siku ya soko. Watumie neno moja la kuondoka na moja la kusimama, na wajue wakati wa kulegeza kamba. Kijana akikataa kuweka kiboko chini, usimpe punda wako.