Kabla hujampeleka mtu wa donda ndugu kutiwa ozoni

Jua kwanza donda limetokana na nini. Pima sukari. Lililotokana na mshipa unaorudisha damu moyoni (vena) linataka bendeji ya kubana, lakini daktari ahakikishe kwanza kwamba damu inafika hadi vidoleni. Lililokaa miaka mingi likatwe kipande kikapimwe saratani.

Kutiwa ozoni, yaani gesi, ni hivi: damu ya mgonjwa hutolewa, ikachanganywa chupani na oksijeni yenye ozoni kidogo, kisha ikarudishwa mshipani. Ozoni haiwekeki, mashine huitengeneza papo hapo, kwa hivyo ukiletewa mtungi uliojazwa tangu juzi, ondoka. Sindano na mrija vifunguliwe ukiona. Anayetaka kuipiga gesi yenyewe mshipani, usibishane naye, mchukue mgonjwa wako mtoke.

Sasa hili la G6PD nisikilizeni vizuri. Ni kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu; kikiwa pungufu, ozoni inaweza kuzivunja. Sisi watu wa pwani, kwa malaria ya vizazi na vizazi, wengi tunacho pungufu na hatujijui, wanaume hasa. Ami yangu tulimvusha kutoka Lamu hadi Mokowe, tukapanda basi, akatiwa ozoni kwenye kliniki moja ya mbali. Aliulizwa jina na pesa, basi. Kesho yake akaniita chooni, akanionyesha kopo: mkojo mweusi kama kahawa tungu. Macho yalikuwa manjano, na ngazi tatu tu zilimshinda. Hospitali daktari akamuuliza kama imewahi kumtokea. Ami akajibu, kama anayetaja jambo dogo, "Eh, zamani, nilipopewa dawa ya malaria." Miaka yote ile hakumwambia mtu! Aliongezwa damu. Donda likabaki vile vile.

Kwa hivyo dai kipimo cha G6PD kabla ya sindano, na umuulize mzee wako habari za mkojo, hata akiona haya.

Shamba msiuze kwa ajili ya ozoni. Mwaka 2015 Cochrane, kundi la watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, walipitia majaribio 3 ya ozoni kwa vidonda vya miguu vya kisukari, wagonjwa 212, na ushahidi haukutosha kuonyesha kwamba inaponya. Dawa za sukari asiache. Akitiwa, asirudishwe nyumbani siku hiyo hiyo, maana usiku hakuna boti ya kungoja mtu, na huko njiani mkojo nani atauangalia. Orodha ya dawa zake uwe nayo mfukoni. Na maji ya kunywa, na kopo jeupe.