Umekuta mtumbwi wa kale kwenye tope? Usiuanike

Juzi kijana mmoja wa Ntoroko, magharibi mwa Uganda, alinipigia simu. Ukingo wa mto Semliki umeporomoka, na kwenye tope pametokeza omo ya mtumbwi wa gogo ambao hata wazee hawaujui. Akaniuliza, "Mzee, niuanike siku ngapi?" Nilimwambia asithubutu, kisha nikamwandikia haya.

Hatua ya 1. Piga picha kabla hujagusa kitu. Laza kasia kando yake ili kipimo kionekane.

Hatua ya 2. Mwambie mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), kisha toa taarifa Makumbusho ya Uganda, Kitante, Kampala. Vitu vya kale vina sheria yake, kwa hiyo mnunuzi akija na pesa mkononi, mfukuze.

Hatua ya 3. Usiache ukauke. Hapa ndipo mimi niliungua. Miaka ya nyuma tulivuta mmoja kutoka kwenye mafunjo, tukauweka chini ya mwembe, tukajipongeza. Usiku wa pili nikausikia ukilia: ka, ka, kama kuni mbichi jikoni. Wiki haikuisha, ubavuni pana ufa, kiganja kinapita.

Sababu ni hii. Mbao iliyokaa majini karne nyingi imebaki umbo tu, nguvu yake imeshaliwa. Bonyeza kidogo kwa gumba, utadhani muhogo uliochemshwa. Kinachoshikilia kuta za vitundu vidogo vya ndani ya mbao ni maji yenyewe. Yakitoka, kuta zinalala, mbao inajikunja na kupasuka, na hakuna gundi ya kuirudisha. Tope ndilo lililouhifadhi, kwa kuwa halina hewa na kuvu haipati pa kufanyia kazi.

Kwa hiyo dawa bora ni kuurudishia tope lake na kusubiri wataalamu. Kule Scotland, kwenye mto Tay unaojaa na kupwa pamoja na bahari, mtumbwi wa Carpow, wa miaka 3,000 hivi, ulionekana 2001. Ulitolewa 2006. Miaka mitano, na wewe huwezi kungoja mwezi?

Kama mto unaukata ukingo na tope halikai, funika kwa magunia ya katani yaliyolowa, juu yake kavera (plastiki) nyeusi, kisha matawi ya kivuli. Turubai la buluu silitaki. Letu lilitoboka siku ya kwanza na chini yake palichemka kama tanuri. Mwagia maji ya mto uleule asubuhi na jioni, kwa kopo, polepole. Usimwage kwa ndoo, utafuta alama za tezo, na hizo ndizo sahihi ya fundi.

Usipake mafuta machafu ya injini. Najua ndiyo dawa ya mitumbwi yetu ya kuvulia, lakini hapa yanaharibu kipimo cha kaboni cha kujua umri. Kukausha ni kazi ya maabara: meli ya kale ya Vasa, Sweden, ilinyunyiziwa polyethilini glikoli, kemikali inayoshika nafasi ya maji ndani ya mbao, kwa miaka 17.

Hatua ya 4. Ukilazimika kuusogeza, pitisha mbao pana chini yake, watu wanane wanyanyue pamoja. Kamba hapana.

Kijana bado anamwagia. Jioni viboko wakitoka mapema, anaacha, anarudi alfajiri.