Kanu juu ya bati: namna ninavyojenga banda la kuku hapa Bukavu

Mimi ni fundi mbao wa Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Kwa miaka 17 nimejenga mabanda ya kuku kwenye miteremko ya mji huu, kuanzia Panzi hadi Muhumba, na karibu kila mara naitwa baada ya msiba. Mwaka jana mjane mmoja wa Nguba alinipigia simu kabla jua halijatoka. "Fundi, kuya uone. Hii si nyama, ni mulozi." Alimaanisha si mnyama, ni mchawi. Usiku alisikia hatua nyepesi juu ya bati, akatoka na tochi, akaona macho mawili yanawaka kwenye mparachichi. Asubuhi kuku sita walikuwa wamelala chini, shingo zimeng'atwa. Mmoja tu ndiye aliyeliwa kifuani.

Nilizunguka banda mara moja, nikamwambia: "Mama, huyu ni kanu. Na amepita hapa." Pembe ya chini ya mlango ilikuwa imepinda, imeacha nafasi ya vidole vitatu.

Kanu si paka, ingawa ukimwona gizani utamwita paka. Mwili wake ni mrefu na mwembamba, uzito wake kama kilo 2, ana madoa meusi ubavuni, pua iliyochongoka, na mkia wenye pete nyeusi na nyeupe unaokaribia urefu wa mwili wenyewe. Anatembea usiku, anapanda mti kama kindi, na pale kichwa chake kinapopita, mwili wote unafuata. Mpwa wangu anayeishi Montréal alinitumia video ya rakuni, mnyama wa kule Amerika mwenye mkia wa pete pia, akifungua pipa la taka kwa mikono yake kama mtoto anayefungua mkebe. Nilifurahi kuona jinsi wanavyofanana kwa tabia, lakini nilishukuru pia: kanu hana mikono ya namna ile. Komeo la kawaida linamshinda. Kinachomwingiza ndani ni tundu, na tundu tunaliacha sisi.

Kabla hujajenga chochote, hakikisha ni yeye. Mayai yakipotea mchana, mshuku nguchiro. Mbwa hubomoa, hukwaruza udongo, na nyayo zake huonyesha kucha. Nyayo za kanu ni ndogo, hazionyeshi kucha kwa sababu huzirudisha ndani. Angalia pia juu ya ukuta au kwenye pembe ya paa: kanu ana desturi ya kurudia sehemu moja iliyoinuka kutupa kinyesi chake, na ndani yake utaona manyoya ya panya, maganda ya wadudu na mbegu za matunda. Kama huna uhakika, mwaga majivu ya jikoni chini ya mahali unapopashuku, uyasawazishe kwa ubao, urudi asubuhi.

Yule mama aliniuliza kwa nini mnyama aue sita na kula mmoja, kama si uchawi. Kuku waliofungiwa hawana pa kukimbilia. Wanapaparika, wanapiga kelele, na mnyama anayewinda huendelea kung'ata kila kinachotikisika mbele yake. Porini asingepata nafasi hiyo, ndege wengine wangesharuka. Ni banda bovu linalofanya usiku mmoja uwe wa vifo sita.

Wateja wengi hunitaka niwatafutie mtego au sumu. Nakataa, na nawaeleza sababu. Kazi kubwa ya kanu usiku ni panya, na hapa kwetu, nyumba zimebanana, kila mtu ana gunia la mahindi au unga wa muhogo pembeni ya kitanda, panya ndiye anayetumaliza. Ukiweka sumu, panya hafi papo hapo. Anatangatanga amelegea, kanu anamkamata kirahisi, na ile sumu inaingia mwilini mwake pia. Umemwua mlinzi wako, na panya waliobaki watazaa kabla mwezi haujaisha. Sizungumzii watoto wanaookota vitu chini na kutia mdomoni.

Sasa banda lenyewe. Usitumie mbao za mkaratusi zilizopasuliwa juzi. Mkaratusi ukikauka unajisokota, na mlango uliokaa sawasawa mwezi wa 6 utakuwa na pembe iliyoinuka mwezi wa 9. Ndivyo ilivyokuwa pale Nguba. Zipange mbao kivulini kwa wiki kadhaa, uweke vijiti kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, kisha ndipo upige randa. Nyuma ya mlango pigilia mbao mbili za kulala na moja ya mshazari, iinuke kutoka bawaba ya chini kwenda pembe ya juu upande wa komeo. Weka makomeo mawili, la juu na la chini. Watu hunibishia hilo la chini kwa sababu linawalazimu kuinama kila jioni. Nawaomba wainame.

Simamisha banda juu ya nguzo nne, sentimita 60 kutoka ardhini. Nguzo peke yake hazimzuii mnyama anayepanda mti, lakini zinazuia unyevu na zinakupa nafasi ya kuchungulia chini. Kinachomzuia kupanda nguzo ni bati laini, lisilo na mawimbi, lenye upana wa nusu mita, lililozungushwa kwenye kila nguzo. Kucha zake haziwezi kushika hapo. Ila bati hilo halina kazi kabisa kama banda linagusa ukuta wa jirani au kama mgomba umeegemea paa. Acha mita 2 za wazi pande zote ukiweza. Najua parseli zetu ni finyu; basi angalau kata matawi.

Wavu wa kuku ule mwepesi wenye macho makubwa hauna nguvu, unang'atwa na kuchanika, na panya wanapita kama mlangoni kwao. Nunua griyaji (wavu mgumu wa chuma) iliyochomelewa, jicho lisizidi sentimita moja na nusu, na uipigilie kwa ndani kwa misumari ya kupinda, kila baada ya upana wa kiganja. Kisha tazama juu. Mabati ya mawimbi yakilazwa kwenye boriti yanaacha matundu madogo mfululizo, na nimeona nywele za kanu zimenasa pale mara nyingi kuliko mahali pengine popote. Mimi hukata ubao kwa msumeno mwembamba ufuate mawimbi, naziba nao matundu hayo. Asiye na msumeno huo atumie vipande vya griyaji vilivyokunjwa. Usizibe kwa matambara, yanaoza, na usizibe hewa yote, kuku wakikosa hewa wanaugua mafua.

Wanaofuga kobayi (simbilisi, wanyama wadogo wa kufugwa kwa nyama) jikoni, kama tulivyo wengi katika Kivu hii, msidhani ukuta wa nyumba unatosha. Wanyama hawa tumewapenda kwa sababu unaweza kuwabeba kwenye kikapu siku ya kukimbia vita, na wamelisha familia nyingi zilizopoteza ng'ombe na mbuzi. Jiko la mbao lina mwanya chini ya paa kwa ajili ya moshi. Usiku waweke kwenye sanduku lenye kifuniko cha griyaji.

Kuku waingie saa kumi na mbili jioni. Hapa giza linaingia karibu saa hiyo mwaka mzima, kwa hiyo huna sababu ya kubadilisha ratiba. Okota maparachichi na mapera yaliyoanguka, maana matunda yenyewe anayala, na panya wanaoyafuata anawala pia. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, walioanikwa waingizwe ndani kabla ya giza.

Ukisikia vitoto vinalia darini, usizibe tundu siku hiyo. Mama kanu huzaa wawili hadi wanne, na ukimfungia nje atabomoa dari kuwafikia, au watakufa juu ya kichwa chako na utanusa harufu hiyo wiki nzima. Subiri miezi miwili hadi mitatu, mpaka waanze kutoka naye. Majivu chini ya tundu yatakuonyesha nyayo zinazotoka usiku. Ukimya ndani ukithibitika, ziba usiku huohuo. Wala usimchukue kitoto umfuge. Nilimwona kijana mmoja sokoni amemfunga mmoja kamba shingoni, kila mtu anapiga picha, na kabla ya saa sita mchana alikuwa amemng'ata msichana mdogo.

Kuhusu kung'atwa, hapa nataka unisikilize vizuri. Kichaa cha mbwa si cha mbwa peke yao. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyohiyo uulize chanjo, hata kama jeraha ni dogo kama tundu la sindano. Na kanu anayetembea mchana akiyumba, asiyekuogopa, usimkaribie. Ondoa watoto na mbwa.

Mwisho wa kiangazi, mwezi wa 8, fanya ukaguzi huu, kwa sababu mvua zikirudi maji yatachimba chini ya nguzo na banda litainama kidogo bila wewe kujua. Subiri giza. Mpe mtoto tochi aingie ndani ya banda, umfungie mlango, amulike polepole pembe zote, paa na sakafu, nawe uzunguke nje na chaki. Popote mwanga unapotokeza kwa upana wa kidole, weka alama. Pale Nguba nilihesabu alama 11, tukamaliza kuziziba kesho yake kabla ya saa nne. Yule mama bado anamsikia juu ya bati, usiku mara mbili au tatu kwa wiki, na kuku wake sasa ni 20.