Jinsi ya Kuomba Ustahiki wa NCAA na Kuingia Drafti ya NFL: Mwongozo kwa Mchezaji wa Mstari wa Mbele

Katika futiboli ya Kimarekani, kijana wa sekondari mwenye kimo na uzito wa kucheza mstari wa mbele, yaani kukabiliana ana kwa ana na wapinzani mpira unapoanzishwa, huonekana na makocha wa vyuo mapema, kwa kuwa miili ya namna hiyo ni adimu. Hata hivyo, hakuna kocha wa daraja la kwanza au la pili la NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, anayeruhusiwa kumchezesha kabla Kituo cha Ustahiki cha chama hicho hakijaidhinisha masomo yake na hadhi yake ya kuwa mchezaji wa ridhaa. Mwongozo huu unazihusu familia za Waswahili walioko Marekani ambazo mtoto wao anacheza nafasi hiyo shuleni. Kijana anayeishi nje ya Marekani na Kanada ana njia nyingine, mpango wa NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli hii, wa wachezaji wa kimataifa ulioanza mwaka 2017. Kwa njia hiyo Jordan Mailata wa Australia alichaguliwa na timu ya Philadelphia Eagles mwaka 2018 katika drafti, yaani uteuzi wa kila mwaka ambamo timu za NFL huchagua wachezaji wapya, bila kuwahi kucheza mechi hata moja ya futiboli hii.

Hatua ya kwanza ni kufungua akaunti kwenye tovuti ya Kituo cha Ustahiki. Ipo akaunti ya bure ya wasifu, inayomfaa mwanafunzi wa darasa la 9 ambaye bado hajajua atacheza daraja gani, na ipo akaunti ya uthibitisho, ambayo hulipiwa ada. Familia yenye kipato kidogo isiruhusu ada hiyo iwe kikwazo, kwani mshauri wa masomo wa shule anaweza kuiombea msamaha.

Hatua ya pili ndiyo nzito kuliko zote. Daraja la kwanza linadai masomo ya msingi 16: miaka 4 ya Kiingereza, miaka 3 ya hisabati kuanzia Aljebra ya kwanza, miaka 2 ya sayansi, mwaka 1 wa ziada katika mojawapo ya hayo, miaka 2 ya sayansi ya jamii, na miaka 4 mingine ya masomo hayo au ya lugha za kigeni, falsafa au dini linganishi. Wastani wa alama katika masomo hayo usipungue 2.3, kwa kipimo cha 4.0, kwa daraja la kwanza, na 2.2 kwa daraja la pili. Jambo linalowaponyoka wengi ni kwamba masomo 10 kati ya hayo 16 lazima yawe yamekamilika kabla ya muhula wa 7, yaani kabla darasa la 12 halijaanza, na 7 kati ya hayo 10 yawe ya Kiingereza, hisabati au sayansi. Alama za hayo 10 zikishafungwa, mwanafunzi hawezi kurudia somo ili kuzipandisha.

Somo kuonekana kwenye cheti cha matokeo hakutoshi. Lazima liwemo katika orodha ya masomo ya shule hiyo yaliyoidhinishwa na NCAA, na mzazi yeyote anaweza kuitazama orodha hiyo mtandaoni. Hapa ndipo watoto wetu wanapoumia. Mwanafunzi aliyefika kutoka Kongo au Tanzania huwekwa kwanza katika madarasa ya Kiingereza kwa wageni, naye hufaulu vizuri, lakini ni ngazi ya juu tu ya madarasa hayo inayoweza kuhesabiwa kuwa somo la msingi. Kwa hiyo mzazi aende shuleni akiwa na orodha mkononi mtoto angali darasa la 9, aulize somo kwa somo, na asikubali jibu la jumla.

Hatua ya tatu ni nyaraka. Kila sekondari aliyosoma mwanafunzi hutuma matokeo yake yenyewe moja kwa moja kwa Kituo. Aliyesoma nje ya Marekani kuanzia darasa la 9 anahitaji rekodi za miaka hiyo katika lugha zilizoandikiwa, pamoja na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa. Ziombwe mapema, maana shule ya mbali haijibu haraka. Kwa anayeanza chuo msimu wa vuli, uthibitisho wa mwisho wa ridhaa huombwa kuanzia tarehe 1 Aprili.

Wakati huo huo aandae video. Picha ipigwe kutoka nyuma ya goli, ili kocha aone hatua ya kwanza baada ya mpira kuanzishwa, magoti yalivyokunjwa, na viganja vinavyotua kifuani mwa mpinzani badala ya mabegani. Kimo kiandikwe cha kweli, kwa sababu kitapimwa tena.

Asiyepewa ufadhili bado anaweza kujiunga na timu kwa gharama zake: Jason Kelce aliingia Chuo Kikuu cha Cincinnati hivyo, akahamishiwa mstari wa mbele akiwa huko, na akachaguliwa katika raundi ya 6 ya drafti mwaka 2011.

Ombi la kuingia drafti huja baadaye. NFL haimpokei mchezaji kabla ya miaka 3 kupita tangu darasa lake limalize sekondari, kanuni ambayo mchezaji wa chuo Maurice Clarett aliipinga mahakamani akashindwa katika rufaa mwaka 2004. Aliyemaliza muda wake wa kucheza chuoni haombi chochote. Huingia moja kwa moja. Anayetaka kuondoka mapema huomba ustahiki maalumu, na mwisho wa maombi huwa katikati ya Januari. Kabla ya hapo aiombe kupitia chuo chake tathmini ya kamati ya ushauri ya NFL, na ikiwa kamati haimuoni katika raundi 2 za kwanza, ushauri wangu ni arudi darasani. Wakala atakayesaini naye awe amesajiliwa na chama cha wachezaji, NFLPA, na usajili huo auhakikishe mwenyewe kabla ya kutia sahihi.